Greda Lisitangulie Mkutano wa Kijiji

Katika vijiji vya milimani upande wa mashariki wa jimbo la Andhra Pradesh, India, mama akishikwa na uchungu usiku wanaume huchukua shuka imara, wakaifunga kwenye mwanzi mrefu, wakamlaza ndani yake na kuanza kuteremka naye mabegani hadi mahali gari la wagonjwa linapoweza kufika. Machela hiyo huitwa doli. Mvua za masika zikikolea, vijito hujaa na njia huwa utelezi mtupu. Wapo wanaojifungulia njiani, na wapo wasiofika. Magazeti ya huko huandika habari hizi mwaka baada ya mwaka, na wanavijiji huomba jambo lilelile: wajengewe barabara.

Nimetanguliza habari hii makusudi. Kila unapozuka mgogoro wa barabara na msitu, hakosekani mtu wa kusema kwamba wakazi wa msituni hawataki maendeleo, kwamba wamerogwa na wanaharakati, kwamba wanapenda kubaki gizani. Si kweli. Hakuna anayeijua thamani ya barabara kuliko mtu aliyewahi kumbeba mkewe kwa doli. Wanachokipigania watu hawa ni kuulizwa kwanza. Barabara ipite wapi, iwe na upana gani, ikate miti ipi, na shamba la nani litaliwa? Haya wanataka yajadiliwe nao kabla greda halijawashwa.

India ina zaidi ya watu milioni 100 wa jamii za asili, waitwao Waadivasi, na wengi wao huishi ndani au kandokando ya misitu. Huokota maua ya mti wa mahua, hukata majani ya tendu yanayosokotewa sigara za kienyeji, hurina asali, huvuna mianzi na hulima vishamba vya mtama na ulezi. Kwa zaidi ya karne moja wamehesabiwa wavamizi kwenye ardhi ya babu zao. Idara ya misitu ya kikoloni iliundwa mwaka 1864, ikafuata sheria ya 1878, kisha ile ya 1927 ambayo mpaka leo haijafutwa. Kila sheria ilipanua eneo la serikali na kupunguza la mwanakijiji, na Uhuru wa 1947 haukuibadili hali hiyo.

Aliyekutana na historia ya misitu ya Afrika Mashariki ataitambua sura hii. David Ernest Hutchins, aliyekuja kuwa mkuu wa misitu wa himaya ya Waingereza huku kwetu mwaka 1907, alikuwa ametumikia idara ya misitu ya India kabla ya kwenda Afrika Kusini. Hata ule mfumo wa shamba wa Kenya, ambamo mkulima aliruhusiwa kupanda mahindi katikati ya miche ya serikali kisha akahamishwa miti ikikua, ni ndugu wa mfumo wa taungya ulioanzia Burma na kuenezwa India. Wanavijiji wa taungya walipanda misitu ya serikali kwa mikono yao, vizazi vikapita, na bado wengine wakabaki bila hati.

Desemba 2006 Bunge la India lilipitisha Sheria ya Haki za Misitu. Ndani ya utangulizi wake dola lenyewe linakiri kwamba wakazi wa misitu walitendewa dhuluma ya kihistoria. Sheria nyingi hazina ujasiri huo. Inamruhusu mkazi wa msituni kudai haki ya ardhi anayoilima, isiyozidi hekta nne, na hati huandikwa kwa majina ya mume na mke. Inaziruhusu jamii nzima kudai haki ya kutumia, kulinda na kusimamia msitu wao. Na inakataza mtu yeyote kuondolewa kwenye ardhi anayoikalia mpaka madai yake yawe yamechunguzwa na kuamuliwa.

Barabara zimo katika kifungu cha 3(2). Kinataja huduma 13 za umma zinazoweza kujengwa ndani ya ardhi ya msitu bila kupitia mlolongo mrefu wa Sheria ya Uhifadhi wa Misitu ya 1980, zikiwemo shule, zahanati, vituo vya kulelea watoto, maduka ya chakula cha bei nafuu, nyaya za umeme na simu, mabomba ya maji, mifereji midogo ya umwagiliaji, vyuo vya ufundi, na barabara. Kuna masharti. Eneo liwe chini ya hekta moja kwa kila mradi. Miti itakayokatwa isizidi 75 kwa hekta. Na mradi uwe umependekezwa na gram sabha, yaani mkutano mkuu wa kijiji, ule wa watu wazima wote. Halmashauri ya kijiji haitoshi, mwenyekiti na wapambe wake hawatoshi.

Mimi naliona hili kuwa mapatano mazuri. Kijiji kinachotaka barabara ya kufika zahanati hakihitaji faili lisafiri hadi New Delhi na kulala huko miaka. Wanakijiji wakishapitisha azimio, afisa misitu wa wilaya anaweza kutoa kibali. Idhini yao wenyewe ndiyo inayorahisisha ujenzi, kinyume kabisa na wale wanaosema kuwauliza watu ni kuchelewesha kazi.

Ila hekta moja ni kidogo. Barabara ya kijijini ikipewa upana wa mita 7.5 pamoja na mabega yake, hekta hiyo inakwisha kabla ya kilomita moja na nusu. Kwa mradi mrefu zaidi, kishawishi ni kuikata barabara vipande vipande kwenye karatasi ili kila kipande kionekane mradi unaojitegemea. Kijiji kikiombwa kuridhia kipande kimoja bila kuoneshwa ramani nzima, kimeridhia kitu kisichokijua.

Jambo linalonisumbua zaidi ni barua ya tarehe 5 Februari 2013. Siku hiyo Wizara ya Mazingira na Misitu ya India iliziandikia serikali za majimbo kwamba miradi inayokwenda kwa mstari, kama barabara, mifereji, mabomba na nyaya za umeme, haitahitaji tena ridhaa ya mikutano ya vijiji inapochukua ardhi ya msitu, isipokuwa pale inapogusa haki zilizotambuliwa za jamii zile ndogo na dhaifu kuliko zote. Wizara ya Masuala ya Jamii za Asili ilipinga, ikisema sheria haikuweka msamaha wowote wa aina hiyo. Barua ikabaki.

Hebu pima matokeo yake. Njia nyembamba ya kupeleka mtoto shule, inayokata miti michache, sharti ipitishwe na mkutano wa kijiji. Barabara kuu ya njia nne, inayofyeka mamia ya hekta na kukigawa kijiji nusu kwa nusu, haisubiri mkutano huo. Kadiri madhara yanavyokuwa makubwa ndivyo sauti ya anayeumia inavyopunguzwa. Sioni hoja ya haki inayoweza kuutetea mpangilio huo, na sijawahi kuisoma popote.

Kuna tatizo jingine, dogo kwa sura, zito kwa mwenye shamba. Mpango mkubwa wa barabara za vijijini wa India, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulizinduliwa tarehe 25 Desemba 2000. Ni kazi ya kupigiwa mfano: umejenga zaidi ya kilomita 700,000 za barabara, na katika maeneo ya milima na ya jamii za asili ulishuka hadi kwenye makazi ya watu 250. Lakini fedha zake hazilipii ardhi. Jimbo ndilo linalotakiwa kuitoa, na mara nyingi maana yake ni kwamba wanakijiji "hujitolea" vipande vya mashamba yao. Kwa mwenye hekta kumi, kipande hicho si kitu. Kwa mwenye nusu hekta ya mtaro wa mpunga kando ya msitu, ni chakula cha miezi kadhaa.

Na mtu asiye na hati atajitolea nini? Kwenye vitabu vya serikali shamba lake ni msitu. Barabara ikipita juu yake, hakuna kilichochukuliwa kwake. Sheria ya utwaaji ardhi ya 2013 inamhesabu mwenye hati ya haki za misitu kuwa mwenye ardhi anayestahili fidia, kwa hiyo karatasi ile ndiyo inayotenganisha mtu anayelipwa na mtu anayefagiliwa. Madai yapatayo milioni 5 yamewasilishwa tangu Sheria ya Haki za Misitu ianze kutumika, na hati zilizotolewa ni zaidi ya milioni 2. Tarehe 13 Februari 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliagiza waliokataliwa madai yao waondolewe misituni, familia zaidi ya milioni moja, kisha ikaisimamisha amri yake yenyewe tarehe 28 mwezi huohuo baada ya kelele kubwa na baada ya kuelezwa kwamba madai mengi yalitupwa bila kufuata utaratibu.

Angalia ushahidi wa madai hayo unavyopatikana. Kanuni za Sheria ya Haki za Misitu zilitungwa na watu waliojua kwamba mkazi wa msituni hana stakabadhi. Zinakubali maneno ya wazee yaliyoandikwa. Zinakubali nyumba, matuta na visima. Kwa madai ya jamii nzima zinakubali makaburi, miti mitakatifu, mabwawa na mabaki ya majengo ya zamani. Kwa hiyo kaburi la babu lililo kando ya njia ni mahali pa tambiko na pia ni ushahidi wa kisheria. Greda likitangulia, linafukia kesi kabla haijasikilizwa. Ndiyo maana kanuni za uhifadhi wa misitu za mwaka 2022 ziliwatia watu hofu. Ziliiruhusu serikali kuu kuidhinisha kwanza ardhi ya msitu itolewe, na suala la haki za wakazi likaachiwa jimbo lilishughulikie baadaye. Jimbo lililokwisha kupata kibali na lenye mkandarasi anayesubiri malipo litakuwa na subira gani ya kuwasikiliza wazee wa kijiji?

Ridhaa nayo ina njia zake za kughushiwa. Kanuni za Sheria ya Haki za Misitu, zilizorekebishwa mwaka 2012, zinataka akidi ya nusu ya wanakijiji wote wenye sifa, na theluthi ya waliohudhuria wawe wanawake. Sharti hilo la wanawake lina maana kubwa, kwa kuwa wao ndio wanaobeba kuni, wanaookota mahua alfajiri na wanaojua ni kijito kipi hakikauki kiangazi. Lakini muhtasari wa kikao huandikwa na mtu, na dole gumba huchovywa wino bila mwenye dole kujua kilichoandikwa juu yake. Oktoba 2021 wanavijiji wa msitu wa Hasdeo Arand huko Chhattisgarh walitembea kwa miguu kilomita zipatazo 300 hadi mji mkuu wa jimbo, Raipur, wakilalamika kwamba maazimio ya mikutano ya vijiji vyao yalikuwa ya kughushi. Kule mzozo ulikuwa wa makaa ya mawe, lakini karatasi inayobishaniwa ni ileile inayotakiwa kwa barabara.

Kusini mwa jimbo hilohilo, katika eneo la Bastar, ndiko suala la barabara lilikomwaga damu. Mei 2021 vikosi vya usalama viliweka kambi katika kijiji cha Silger, kwenye barabara iliyokuwa ikijengwa kupenya msitu ambako serikali imepigana na waasi wa Kimao kwa miongo. Maelfu ya wanavijiji walikusanyika kupinga. Tarehe 17 Mei polisi walifyatua risasi na watu watatu wakauawa. Serikali ilisema miongoni mwao walikuwemo waasi, wanavijiji wakasema ni watu wao waliokuja kuandamana. Waandamanaji hawakutawanyika. Walikaa hapo, chini ya mahema ya majani, kwa zaidi ya mwaka.

Walichokisema kinastahili kusikilizwa na kila mhandisi wa barabara. Hawakusema hatutaki barabara. Walisema tunataka barabara ya kutupeleka shuleni na hospitalini, hatuhitaji barabara pana hivi, na hakuna aliyeitisha mkutano wa kijiji kutuuliza. Waliogopa kwamba upana ule ni wa magari ya jeshi leo na malori ya madini kesho. Serikali ina hoja yake: waasi walitega mabomu barabarani, waliua mafundi na kuchoma mitambo, na bila ulinzi hakuna mkandarasi angekubali kwenda. Naielewa. Lakini mwanakijiji aliyebanwa kati ya bunduki mbili ndiye aliyestahili zaidi kuulizwa, kwa maana ndiye asiye na pa kukimbilia.

Mbali zaidi, katika visiwa vya Andaman, iko barabara inayoonesha kinachotokea pale wenye msitu wasipoulizwa kabisa. Barabara kuu ya Andaman ilianza kujengwa miaka ya 1970 ikipasua msitu wa Wajarawa, watu wachache wawindaji waliokuwa wamejitenga na dunia nzima na kuulinda msitu wao kwa mishale. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 Wajarawa walianza kujitokeza, na mwaka 1999 surua ikawavamia. Mwaka 2002 Mahakama Kuu Kabisa iliamuru sehemu ya barabara inayopita ndani ya hifadhi yao ifungwe. Haikufungwa. Misafara ya magari yenye watalii iliendelea kupita, na mwaka 2012 dunia iliona mkanda wa video wa wanawake wa Kijarawa wakichezeshwa ngoma mbele ya watalii ili wapewe chakula. Watu ambao kizazi kimoja nyuma hawakumwomba mtu chochote walikuwa wamegeuzwa ombaomba kando ya lami iliyowekwa juu ya uwanja wao wa kuwindia.

Je, kuulizwa kwa dhati kunafananaje? Jibu lipo katika milima ya Niyamgiri, jimbo la Odisha. Wadongria Kondh walikuwa wakipinga mgodi wa madini ya bauxite juu ya mlima wanaouabudu. Tarehe 18 Aprili 2013, miezi miwili tu baada ya ile barua ya wizara, Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba mikutano ya vijiji ndiyo itakayosema kama mgodi utaingilia haki zao za kidini na kimila. Vijiji 12 vilichaguliwa. Kuanzia Julai hadi Agosti mikutano ilifanyika hadharani, jaji wa wilaya akiwa amekaa pale, watu wakizungumza kwa lugha yao ya Kuvi. Wanawake walisimama wakataja vijito, matunda, mizizi ya dawa. Vijiji vyote 12 vilikataa, na Januari 2014 wizara ikautupilia mbali mradi.

Jaji alikuwepo, lugha ilikuwa ya wenyeji, muda ulikuwepo, na jibu la hapana liliheshimiwa. Mkutano wa barabara ya kijiji hauhitaji jaji, lakini hayo mengine matatu unayahitaji. Pale ambapo watu hawawezi kusema hapana, ile ndiyo yao haina uzito wowote.

Kwetu huku mafunzo haya yana mlango wa kuingilia. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika Msitu wa Mau bila kushauriana nao, na mwaka 2022 ikaagiza walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. India haifungwi na mahakama hiyo, wala Kenya haifungwi na sheria ya India. Ila swali lililoulizwa Arusha na lile la Silger ni moja: nani alikaa na hawa watu, lini, na walijibu nini?

Turudi India. Tusidanganyane kwamba uhifadhi wa mazingira ndio uliowabana wakazi wa misitu yake. Marekebisho ya Sheria ya Uhifadhi wa Misitu yaliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2023 yamelegeza mambo mengi. Miradi ya barabara yenye umuhimu wa kiusalama ndani ya kilomita 100 kutoka mipaka ya nchi imeondolewa kwenye masharti ya sheria hiyo, hata kama msitu huo ni wa watu waliouishi tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Mti haukulindwa, mtu hakulindwa.

Sasa India inajenga tena. Mpango wa PM-JANMAN, uliozinduliwa tarehe 15 Novemba 2023 kwa ajili ya zile jamii 75 dhaifu kuliko zote, umeahidi kilomita 8,000 za barabara. Naupongeza kwa moyo mweupe. Hawa ni watu wa doli, watu waliosahauliwa na kila mpango uliotangulia, na kila kilomita itakayofika kwao salama itaokoa mama na mtoto. Lakini jamii hizi ndizo zilezile ambazo hata barua ya Februari 2013, pamoja na ubaya wake wote, haikuthubutu kuzinyang'anya ridhaa pale haki zao zinapokuwa zimetambuliwa. Serikali basi ianze na kuzitambua haki hizo, ichore ramani ya makaburi na vyanzo vya maji, itoe hati kwa mume na mke, kisha iitishe mkutano wenye akidi kwa lugha ya wenyeji na kuwaonesha barabara nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Na barua ile ifutwe, ili barabara kuu nayo ipite kwenye mkutano uleule inaopitia barabara ya zahanati.